Pasti tensi ya Kiingereza inakugomea? Anza na dalili

Wengi wanaokuja kuuliza kuhusu pasti tensi wanaanza hivi, "nimekremu listi yote ya go went gone ila nikifungua mdomo naharibu", na jibu langu huwa ni lile lile, shida yako sio listi. Listi unayo. Mtoto wa fomu two pale Nyegezi, hapa Mwanza, anakuimbia zile kolamu tatu, ya kwanza go, ya pili went, ya tatu gone, bila kupumua na bado kwenye daftari anaandika "I didn't went". Kinachokusumbua ni kwamba hujui alama ya wakati uliopita inatakiwa ikae wapi kwenye sentensi, kwa hiyo ukishapata wasiwasi unaibandika kila mahali au unaiacha kabisa. Sasa hapa sikupi listi nyingine, tunaenda kwa dalili, angalia kosa lako linafanana na lipi, soma hapo, mengine ruka tu.

Ila kuna kitu kimoja ukishike kwanza maana nitakuwa nakirudia. Vitenzi vya Kiingereza vikitembea kwa kundi, wakati unabebwa mara moja tu, na anayebeba ni kitenzi cha mbele. Basi. "Went" kiko peke yake, kinabeba chenyewe. "Did go", did iko mbele inabeba, go inapumzika. "Was going", was inabeba. "Had gone", had inabeba.

DALILI: "did you went", "I didn't saw", "he didn't came"

Hii ndo inaongoza. Kuna kaka mmoja anafanya biashara ya mabondo ya samaki, mzigo anachukulia Mwaloni pale Kirumba, na mnunuzi wake wanachati WhatsApp kwa Kiingereza. Meseji aliyonionyesha ilikuwa hivi: "We didn't received the money, when did you sent?" Mnunuzi alielewa, hela ikaingia, ila jambo hilo likawa linamkera, akaniuliza "sasa ticha, received si ndo pasti yenyewe?" Ni pasti ndiyo, lakini did nayo ni pasti ya do, kwa hiyo hapo amelipa nauli mara mbili kwa safari moja.

Dawa yake: ukiona did au didn't, kitenzi kinachofuata kinarudi kolamu ya kwanza. "We didn't receive the money. When did you send it?" Na hiyo "it" usiisahau, sisi tunasema "ulituma lini" na inatosha, wao wanataka kitu kilichotumwa kitajwe.

Wala huu sio ugeni. Chukua "aliondoka" ukanushe, inakuwa "hakuondoka", ile li imetoka kabisa ikaja ku, na hujawahi kusikia mtu anasema "hakuliondoka". Kichwa chako kinajua tayari kwamba alama ikishahamia mbele kule nyuma inafutwa, kwa Kiingereza tu ndo unakisahau.

Kuna watu wakishaizoea did wanaiweka mpaka pasipohusika, "who did tell you?" wakimaanisha nani alikuambia. Hapo tumia Kiswahili chako kama kipimo. "Nani alikupigia?", nani amekaa mbele, ndo mtendaji, did haitakiwi: "Who called you?" Lakini "ulimpigia nani?", nani amekaa nyuma, ndo mtendwa, did inaingia: "Who did you call?" Jaribu na sentensi zako utaona inakubali.

Halafu was na were hazitaki did kabisa, zinajikanusha zenyewe, "I wasn't there", isiwe "I didn't was there".

DALILI: "I was go", "I was work", na ndugu yake "I born in Sengerema"

Hapa sababu ni moja, mtu fulani zamani alikuambia was ndo li. Sio kweli. Was ni "nilikuwa" au "alikuwa", neno zima, kwa hiyo ukisema "I was go" umesema "nilikuwa nenda", sikiliza mwenyewe. Rudisha sentensi yako kwenye Kiswahili kabla hujaitoa. Ikirudi "nilienda", ni "I went". Ikirudi "nilikuwa naenda", ni "I was going". Katikati ya hizo mbili hakuna kitu.

Nimeona hii inavyoumiza kwenye intavyuu. Dada anaomba kazi ya mapokezi hoteli moja maeneo ya Capri Point, anaulizwa uzoefu, anajibu "I was work in reception two years". Aliyekaa mbele yake hajui kama bado yuko kazini au aliacha, na hilo ndo swali lenyewe aliloulizwa. Kama aliacha: "I worked in reception for two years." Kama bado yupo mpaka leo: "I have worked in reception for two years." Tofauti ni neno moja dogo lakini linabadilisha CV nzima.

Ile ya "I born" ni kinyume chake, was ilitakiwa ikakosekana. Inatokea kwa sababu "nilizaliwa" ni neno moja, unatafuta neno moja la Kiingereza unaliona born unaondoka nalo. Sasa sikiliza mwisho wa kitenzi cha Kiswahili, kama kuna ile wa ya kutendwa, zaliwa, ibiwa, kamatwa, pelekwa, basi kwa Kiingereza unahitaji was au were na kolamu ya tatu. "I was born in Sengerema." "The nets were stolen at night." "He was taken to hospital." Ukisema "he took to hospital" umemaliza maneno na hakuna aliyefika hospitali.

DALILI: "I have sent it yesterday"

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye mambo mengi, na hata waliosoma sana wanaanguka hapa.

Shuleni tunaambiwa me ni have, li ni pasti ya kawaida. Ni kweli kwa sehemu kubwa, "amefika" ni "he has arrived", "alifika" ni "he arrived". Tatizo me ya Kiswahili cha mtaani ni huru sana. Mtu anakwambia "nimeituma jana" au "nimerudi juzi" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinashtuka. Ukishataja muda uliokwisha, jana, wiki iliyopita, mwaka fulani, asubuhi na sasa hivi ni jioni, have inaondolewa, unatumia kolamu ya pili peke yake. "I sent it yesterday." "Speke reached Lake Victoria in 1858." "MV Bukoba sank on 21 May 1996", ile meli iliyozama ziwani, tarehe ambayo watu wa huku hawahitaji kukumbushwa, huwezi kuandika "has sunk" halafu ukaweka tarehe mbele yake. Usipotaja muda na jambo linagusa sasa hivi, have inarudi: "I have sent it, check your phone."

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni fupi, je, kwenye sentensi yangu nimesema LINI? Kama nimesema na huo muda umeisha, have itoke.

Sasa kuna me nyingine ambayo sio have hata kidogo na hii vitabu vingi vinaipita kimya kimya. "Amelala." Ukitafsiri "he has slept" umesema alishapata usingizi wake, wakati wewe unamaanisha yuko usingizini saa hizi, yaani "he is asleep". "Nimechoka" ni "I am tired", ile "I have tired" ifutwe kabisa. "Amevaa shati jeupe" ni "he is wearing a white shirt". Mtu anapiga picha Jiwe la Bismarck, lile lililoko ziwani, anaipandisha mtandaoni na maneno "a bird has stood on the rock" kwa sababu kichwani ana "ndege amesimama juu ya jiwe". Weka "a bird is standing on the rock". Kanuni yake: kama me inaelezea hali aliyonayo mtu muda huu, kukaa, kusimama, kulala, kuchoka, kuvaa, kukasirika, kushiba, basi unahitaji am, is au are. Sio pasti kabisa.

Na upande wa kukanusha Kiswahili kinakusaidia vizuri tu, tumia masikio. "Sikula" ni "I didn't eat", imeisha hiyo. "Sijala" ni "I haven't eaten", bado nasubiri sahani. "Boti haijaja" ni "the boat hasn't come yet". Wamarekani wengi wakiongea wanasema "I didn't eat yet" na wanaelewana, ila kwenye mtihani wetu andika haven't, usije ukabishana na msahihishaji kwa sababu ya muvi.

DALILI: hadithi inaanza na pasti, katikati inageuka ya sasa

Insha ya mwanafunzi, naiweka kama ilivyo: "Last Saturday we went to Saanane Island. We take a boat, we see impala, we eat and come back in the evening." Ticha amezungushia vitenzi vyote kwa kalamu nyekundu kasoro kimoja, na mtoto haelewi kwa nini, maana si ameshasema last Saturday na ameshasema went.

Mkosaji hapa ni ka yetu. "Tulienda Saanane, tukapanda boti, tukaona swala, tukala, tukarudi jioni." Li imetokea mara moja mwanzoni, zilizobaki zote zinaegemea hapo kupitia ka. Kiingereza hakina ka. Kila kitenzi kwenye hadithi kinajitegemea: "we went, took a boat, saw impala, ate and came back". Usije ukasema napingana na ile kanuni ya wakati kubebwa mara moja, ile ni ndani ya kundi moja, did you go, had gone. Hapa ni makundi matano tofauti na kila moja lina mzigo wake. Ukimaliza kuandika isome hadithi yako kimoyomoyo kwa Kiswahili, kila ukisikia ka rudi ukahakikishe pale kuna kolamu ya pili.

Ila ukisikia ku, kama "tuliamua kurudi", hapo ni to na kolamu ya kwanza, "we decided to return". Kuna wanaoshikwa na woga wa kalamu nyekundu mpaka wanaandika "we decided to returned".

DALILI: "I use to go every Sunday", "I am used to go"

Used to ni ya mambo yaliyokuwa kawaida zamani na sasa hayapo. Mfano mzuri uko hapa hapa kwetu. Kabla Daraja la JP Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, kati ya Kigongo na Busisi magari yalikuwa yanavuka kwa kivuko. Ukiandika "vehicles were crossing by ferry" msomaji anasubiri umwambie ikatokea nini wakati yanavuka. Andika "vehicles used to cross by ferry" na ameelewa kwamba siku hizi sivyo.

Kwa mambo ya sasa haipo. "Huwa naenda kila Jumapili" ni "I usually go every Sunday", achana kabisa na "I use to". Ukiuliza au ukikanusha, did inabeba wakati na ile d ya mwisho inadondoka, "did you use to cross here?", ni kanuni yetu ile ile. Na "I am used to" ni kitu kingine, ni "nimezoea", na baada yake kitenzi kinavaa ing: "I am used to waiting." Aliyepanga foleni ya kivuko miaka ile anaielewa hiyo sentensi bila tafsiri.

DALILI: hujui had ya nini, au unaiweka kila mstari

Mmefika Kamanga kupanda kivuko. "When we arrived, the ferry left", maana yake mmefika na kivuko ndo kikaondoka, labda hata mmekiona kinang'oa nanga. "When we arrived, the ferry had left", mmekuta kimeshaondoka, mnaangalia maji tu. Ukisikia "kilikuwa kimeshaondoka" kwenye Kiswahili chako, hapo ndo mahali pa had, na baada yake kolamu ya tatu, "had gone", isiwe "had went".

Zaidi ya hapo iache. Kuna wanaodhani had inaifanya insha iwe ya kisomi, "I had woken up, I had washed my face, I had taken tea". Kama unasimulia kwa mpangilio wa matukio yalivyofuatana hakuna haja, kolamu ya pili inatosha na inasomeka vizuri zaidi.

DALILI: maneno yanakuchanganya yenyewe kwa yenyewe

Vitenzi visivyofuata ed vinavyotumika viko kama 200 hivi, usitishike. Vile kumi vinavyotumika kuliko vyote, be, have, do, say, go, get, make, take, come, see, vyote havifuati ed, kwa hiyo anza na hivyo, vingine utavikuta njiani. Went yenyewe ilikuwa pasti ya kitenzi kingine cha zamani, wend, ndo maana haifanani na go hata herufi moja.

Zinazogongana: bought ni kununua, brought ni kuleta, herufi r moja tu. Sangara asili yake sio Ziwa Victoria, aliletwa miaka ya 1950, "Nile perch were brought into the lake", ukiandika bought umemfanya mzigo wa dukani. Fell ni kuanguka, felt ni kuhisi. Found ni pasti ya find, nimeipata simu yangu, "I found my phone", lakini founded ni kuanzisha, kama chuo kikuu cha SAUT, "SAUT was founded in 1998". Put, cut, hit, cost hazibadiliki kabisa, putted haipo labda kwenye gofu. Read inaandikwa vile vile ila pasti yake inatamkwa "red".

DALILI: unaandika sawa ila ukiongea ed inapotea, au inazidi

Kuna wanaosema "yesterday I walk" na kuna wanaosema "wok-edi". Ed ina sauti tatu. Kitenzi kikiishia na sauti ya t au d, hapo tu ndo inaongeza silabi, wanted ni "wontid", needed ni "nidid". Kikiishia na sauti kavu kama k, p, s, f, sh au ch, ni t tupu, washed ni "wosht", helped ni "helpt". Kwingine kote ni d tupu, called ni "kold", played ni "pleid".

Ulimi wa Kiswahili haupendi neno kuishia na konsonanti, ndo maana tunaongeza i ya kujisaidia. Ujanja ni kuanza na sentensi ambazo neno linalofuata linaanza na irabu. "I washed it" inatoka "ai wosh-tit", "he called us" inatoka "hi kol-das". Unaona, t na d zimepata irabu ya kuegemea na hujaongeza kitu. Zoea hizo kwanza.

Tahajia haina mengi, stop inakuwa stopped, carry inakuwa carried, play inabaki played kwa sababu kabla ya y kuna irabu, visit ni visited kwa t moja kwa sababu mkazo uko mwanzoni mwa neno.

DALILI: umeona kitenzi cha pasti lakini jambo lenyewe sio la zamani

Hii inawachanganya wanaosoma sana kuliko wanaoanza. "If I had a boat, I would go to Ukerewe." Had hapo sio ya jana, ni nge. Sisi tunasema "ningekuwa na boti ningeenda Ukerewe", nge mbili. Wao wanazigawa, nge ya kwanza inavaa nguo ya pasti, nge ya pili inakuwa would. Kosa ni kuweka would pande zote, "if I would have a boat I would go". Na ukitaka ile ya majuto, "ningejua nisingekuja", inasogea hatua moja nyuma: "If I had known, I wouldn't have come."

Nyingine ni ya adabu. Mtu anaingia ofisini anasema "I wanted to ask about the form", wewe unajiuliza kwani sasa hivi hataki tena? Anataka. Lakini na wewe ukishuka daladala unamwambia konda "nilikuwa naomba chenji yangu", na chenji unaitaka pale pale.